Nungu wa Bahari na Mizani ya Mwamba: Vitisho, Uhifadhi na Wajibu wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza vitisho vinavyomkabili nungu wa bahari katika miamba ya matumbawe ya Afrika Mashariki na kwingineko, pamoja na njia za kumhifadhi. Hoja kuu ni kwamba kiumbe huyu ana hatari za aina mbili zinazoonekana kupingana: mahali pengine huongezeka kupita kiasi, na mahali pengine hufa kwa halaiki. Hali zote mbili huwa na madhara makubwa pale uhusiano wake na viumbe anaoishi nao unapokuwa umevunjwa. Mifano imetolewa kutoka Kenya, Zanzibar, Karibi, kisiwa cha Reunion na Ziwa Kivu. Makala yanapendekeza kwamba elimu ya mazingira kwa Kiswahili ifundishe uhusiano wa viumbe, badala ya kuishia katika kuorodhesha majina yao.

1.0 Utangulizi

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu, hupita kati ya Cyangugu na Bukavu, kisha huteremka hadi Ziwa Tanganyika. Kutoka huko maji hufuata Mto Lukuga, huingia Mto Kongo na hatimaye Bahari ya Atlantiki. Kwa njia hiyo ya mito, maji ya Rusizi hayafiki Mombasa wala Zanzibar. Kiungo kilichopo kati ya Rusizi na pwani ya Bahari ya Hindi ni lugha. Kiswahili husikika katika soko la Kamembe na katika biashara ya kila siku na Bukavu, na tangu mwaka 2017 ni miongoni mwa lugha rasmi za Rwanda. Mwanafunzi wa huku hujifunza maneno kama tanga, nanga, kujaa na kupwa kwa maji kabla hajaiona bahari kwa macho yake.

Hali hiyo inazua swali ambalo makala haya yanajaribu kulijibu. Ikiwa Kiswahili kimeleta msamiati wa bahari hadi kwenye milima ya maziwa makuu, je, kinaweza pia kuleta maarifa ya hali ya bahari hiyo ilivyo leo? Nungu wa bahari amechaguliwa kuwa kielelezo kwa sababu mbili. Kwanza, hadithi yake imefanyiwa utafiti wa muda mrefu katika pwani yetu wenyewe. Pili, hadithi hiyo haielezeki kwa sentensi moja ya kuonya kwamba mnyama fulani anatoweka. Inadai maelezo ya sababu na matokeo, na hapo ndipo lugha yoyote ya elimu hupimwa.

2.0 Nungu wa bahari ni kiumbe gani

Nungu wa bahari ni mnyama asiye na uti wa mgongo, mwenye gamba gumu la mviringo lililofunikwa na miiba. Yumo katika kundi moja na kiti cha pweza na jongoo bahari. Mwili wake umegawanyika katika sehemu tano zinazolingana, na hutembea polepole kwa kutumia miguu midogo mingi inayonata, pamoja na miiba yake. Kinywa chake kiko upande wa chini, kikiwa na meno matano yaliyoshikwa na kifaa ambacho wanasayansi hukiita taa ya Aristotle, kwa kumkumbuka mwanafalsafa wa Kiyunani aliyekieleza. Kwa meno hayo hukwangua mwani, hula nyasi za bahari, na baadhi ya spishi hutafuna hata mwamba wenyewe.

Katika pwani ya Afrika Mashariki zipo spishi kadhaa. Anayejulikana zaidi na waogaji ni nungu mweusi mwenye miiba mirefu, wa jenasi ya Diadema. Yupo pia Echinometra mathaei, mwenye umbo dogo, anayejichimbia vishimo katika mwamba, na Tripneustes gratilla, mwenye miiba mifupi, anayependa maeneo ya nyasi za bahari.

Uzazi wake una jambo moja la kukumbukwa. Majike hutoa mayai na madume hutoa mbegu moja kwa moja majini, na utungisho hutokea nje ya mwili. Ili mayai yakutane na mbegu, lazima nungu wawe karibu karibu. Wakipungua hadi mmoja mmoja, mayai mengi hupotea bila kutungishwa. Kwa hiyo idadi ikishaporomoka, kurudi kwake huwa kwa taabu sana, hata kama chanzo cha vifo kimekwisha kuondoka.

3.0 Wingi kama dalili: pwani ya Kenya

Msomaji anayetarajia kusikia kwamba nungu wa bahari wanakwisha atashangaa kuelezwa kwamba, katika miamba mingi ya Kenya, tatizo lililochunguzwa kwa miongo kadhaa ni kuwa wengi mno. Tangu miaka ya 1980, mtafiti Tim McClanahan na wenzake wamelinganisha miamba iliyohifadhiwa, kama ile ya hifadhi za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, na miamba inayovuliwa bila kizuizi. Ndani ya hifadhi, nungu walikuwa wachache na waliojificha. Nje ya hifadhi walitapakaa mwambani.

Sababu ilitafutwa kwa njia rahisi. Watafiti waliwafunga nungu kwa uzi, wakawaacha mwambani, kisha wakahesabu walioliwa baada ya muda. Katika miamba iliyohifadhiwa waliliwa kwa haraka, na katika miamba iliyovuliwa sana waliobaki hai walikuwa wengi. Miongoni mwa mbuai wakuu alikuwa kikande, samaki mwenye meno yenye nguvu ya kuvunja gamba na mwenye mbinu ya kumgeuza nungu ili amshambulie upande wa chini. Kikande hunaswa kirahisi kwa dema na kwa ndoana. Akiondolewa, nungu hubaki bila wa kumpunguza.

Matokeo yake huonekana mwambani. Nungu wanaochimba huutafuna mwamba kwa kasi inayoweza kuzidi kasi ya matumbawe kujijenga. Katika maeneo ya nyasi za bahari, Tripneustes gratilla akiwa katika makundi makubwa anaweza kula majani hadi eneo likabaki wazi, na hali hiyo imeshuhudiwa katika wangwa za pwani ya Kenya. Nyasi zikiondoka, huondoka pia makazi ya samaki wachanga, wakiwemo tafi na changu wanaotegemewa na mvuvi mdogo.

Je, suluhisho ni kuwaondoa nungu kwa mikono? Jaribio la aina hiyo lilifanywa na matokeo yake yanafundisha. Nungu walipopunguzwa katika miamba yenye samaki wachache walao mwani, mwani uliongezeka na kuutawala mwamba. Aliyekuwa akionekana kuwa mharibifu alikuwa pia akifanya kazi ya kufyeka ambayo hakuna mwingine aliyebaki kuifanya. Kumwondoa bila kuwarudisha samaki ni kubadilisha tatizo moja kwa jingine.

4.0 Vifo vya halaiki: kutoka Karibi hadi Reunion

Upande wa pili wa hadithi ulianzia mbali na kwetu. Mwezi Januari 1983, karibu na Panama, nungu wenye miiba mirefu wa spishi ya Diadema antillarum walianza kufa kwa wingi. Katika muda wa mwaka mmoja hivi ugonjwa ulienea karibu Karibi yote, na katika maeneo mengi zaidi ya asilimia 90 ya nungu hao walikufa.

Kisa cha Jamaika ndicho kinachotajwa zaidi. Huko samaki walao mwani, kama pono, walikuwa wamepunguzwa na uvuvi wa miaka mingi. Mwamba uliendelea kuonekana wenye afya kwa sababu nungu walikuwa wakila mwani kwa niaba ya samaki waliokwisha kuvuliwa. Mwaka 1980 kimbunga kiliyavunja matumbawe mengi, na miaka michache baadaye nungu wakafa. Hakubaki wa kula mwani. Matumbawe hai yaliyokuwa yamefunika takriban nusu ya miamba iliyochunguzwa mwishoni mwa miaka ya 1970 yalishuka hadi chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kisababishi cha vifo vya 1983 hakikubainishwa wakati ule. Vifo vilipozuka tena Karibi mwaka 2022, watafiti walikuwa na zana bora zaidi, na mwaka 2023 walitangaza kwamba kisababishi ni kijidudu cha seli moja chenye vinyweleo vya kuogelea, kinachofanana na spishi inayoitwa Philaster apodigitiformis. Nungu aliyeambukizwa hushindwa kushikilia mwamba, hupoteza miiba, na hufa katika muda wa siku chache.

Habari hizi zinatuhusu moja kwa moja. Vifo vya namna hiyo viliripotiwa mashariki mwa Mediterania mwaka 2022, vikafika Bahari ya Shamu, na mwaka 2023 vikaonekana katika kisiwa cha Reunion, ndani ya Bahari ya Hindi ya magharibi. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba kijidudu kilichohusika Bahari ya Shamu na Reunion kinahusiana na kile cha Karibi. Reunion na pwani ya Waswahili zimo katika bahari moja.

Tukiweka visa hivi viwili pamoja, hatari halisi inajitokeza. Mwamba uliovuliwa sana nchini Kenya unafanana kwa jambo moja na mwamba wa Jamaika wa kabla ya 1983: kazi ya kula mwani imeangukia zaidi mikononi mwa nungu. Ugonjwa ukifika mahali kama hapo, pengo atakaloacha halitakuwa na wa kuliziba.

5.0 Vitisho vingine

Mbali na uvuvi na ugonjwa, vipo vitisho vinavyotokana na mabadiliko ya bahari yenyewe. Bahari hufyonza sehemu ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu, na maji huwa na asidi zaidi. Gamba la nungu limejengwa kwa kabonati ya kalisi, na watoto wake wanaoelea majini, ambao hujijengea viunzi vyembamba vya madini hayo hayo, hupata shida kukua maji yanapobadilika. Joto nalo ni tishio, kwa nungu na kwa mwamba anaouishi. Mwaka 1998 joto kali la bahari liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi katika Bahari ya Hindi ya magharibi, pwani ya Kenya na Tanzania zikiwemo.

Zipo pia njia za uvuvi zinazoharibu mahali penyewe pa kuishi. Juya hukokotwa juu ya nyasi na matumbawe na kukusanya wakubwa kwa wadogo. Baruti, iliyotumika kwa miaka mingi katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, huvunja mwamba ambao ulihitaji karne kujijenga.

Mwisho, nungu mwenyewe ni chakula. Mafungu yake ya uzazi huliwa katika nchi nyingi, hasa Japani, ambako huuzwa kwa bei ya juu. Katika nchi kadhaa duniani uvunaji wa kibiashara umewapunguza nungu upesi, kwa sababu ni rahisi kuokotwa na hawawezi kukimbia. Nchi yoyote ya pwani yetu itakayofikiria soko hilo haina budi kuweka kanuni kabla ya kuanza kuvuna.

6.0 Uhifadhi: maana ya tengefu

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, kumhifadhi nungu wa bahari hakuwezi kuwa na maana ya kuwaongeza nungu tu, wala ya kuwapunguza tu. Kuna maana ya kuhifadhi jamaa yake yote: kikande anayemla, pono na tafi wanaoshirikiana naye kula mwani, matumbawe anamojificha, na nyasi zinazomlisha.

Njia iliyothibitika kufanya hivyo ni kutenga eneo lisilovuliwa. Zanzibar ina mfano wa Chumbe, ambapo mwamba wa upande wa magharibi wa kisiwa ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Nchini Kenya, pamoja na hifadhi za serikali, jamii za wavuvi zimejitengea maeneo yao. Lililo maarufu zaidi ni la Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, lililotengwa na wanakijiji wenyewe katika muongo wa kwanza wa karne hii na kupewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Maeneo ya aina hii yamepewa jina la Kiswahili ambalo watafiti na wavuvi hulitumia kwa pamoja: tengefu.

Neno hilo linastahili kuzingatiwa na wanaisimu. Limetokana na kitenzi tenga, na kiambishi chake cha mwisho ni kile kile tunachokiona katika kamilifu. Lina maana ya kitu kilichowekwa kando. Halisemi kwamba eneo limenyang'anywa wala kwamba limekatazwa na mtu wa mbali. Linasema kwamba wenye eneo wamelitenga. Si ajabu kwamba limekubalika katika vijiji ambavyo vilikuwa na kumbukumbu ya hifadhi zilizowekwa bila kuwashauri wakazi.

7.0 Mlinganisho wa Ziwa Kivu

Msomaji wa Rusizi anaweza kuielewa hoja hii kwa kulitazama ziwa lake. Kabla ya mwaka 1959, maji ya kina ya Ziwa Kivu hayakuwa na samaki mahususi wa kula viumbe vidogo vinavyoelea. Mwaka huo samaki wadogo waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika, na aliyestawi ni yule tunayemwita sambaza. Leo sambaza ndiye msingi wa uvuvi wa usiku, ule wa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu na kuwashwa taa. Lakini kinywa kipya kilibadili mambo chini ya maji: viumbe vidogo vilipungua, na aina moja ya viroboto maji iliyokuwapo kabla haikuonekana tena katika uchunguzi wa baadaye. Kivu iliongezewa mlaji, na mwamba wa Kenya uliondolewa mlaji. Katika visa vyote viwili, badiliko la kinywa kimoja lilipita hadi kwa viumbe ambao hakuna aliyekuwa akiwafikiria.

Mlinganisho huu una mpaka wake, na mpaka huo nao una somo. Uvuvi katika Kivu husimamishwa kila mwaka kwa kipindi cha miezi takriban miwili ili sambaza wazaliane. Mwaka 2024 Tanzania nayo ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu. Wavuvi husema ziwa limefungwa. Kufunga ni hatua ya wakati: kilichofungwa kitafunguliwa. Kutenga ni hatua ya mahali, na hudumu. Sambaza huzaa mapema na huishi muda mfupi, kwa hiyo miezi michache humsaidia. Kikande hurudi polepole, na utafiti wa Kenya umeonyesha kwamba mizani kati yake na nungu huchukua miaka mingi kurejea. Kuufunga mwamba kwa msimu mmoja hakumrudishi kikande. Afisa anayetumia maneno haya mawili kana kwamba yana maana moja atawaahidi wavuvi manufaa ya haraka yasiyoweza kuja, na mwaka wa pili hawatamsikiliza.

8.0 Wajibu wa Kiswahili

Makala haya yametumia jina nungu wa bahari. Zipo sababu za kufanya hivyo. Wenyeji wa pwani wana majina yao, yanayotofautiana kutoka mahali hadi mahali, na majina hayo yanapaswa kukusanywa na kutunzwa. Hata hivyo, Kiswahili kina desturi ya kumwita kiumbe wa baharini kwa kumfananisha na wa nchi kavu, kama tunavyoona katika jongoo bahari na farasi bahari. Jina lililoundwa kwa desturi hiyo humfaa msomaji wa bara, kwa sababu anamjua nungu wa porini na miiba yake.

Lakini jina peke yake halitoshi. Linganisha sentensi mbili zinazoweza kuandikwa katika kitabu cha shule. Ya kwanza: "Nungu wa bahari huharibu matumbawe." Ya pili: "Kikande wakivuliwa kupita kiasi, nungu wa bahari huongezeka na kuyatafuna matumbawe." Sentensi ya kwanza si ya uongo, ila inamfundisha mtoto kumponda nungu kwa jiwe. Ya pili inamfundisha kuuliza kikande wamekwenda wapi.

Kiswahili hakina upungufu wa nyenzo za kusema sentensi ya pili. Mnyambuliko wa kitenzi kimoja tu unatupa kula, kuliwa, kulisha, kulishwa na kulishana, na kutoka hapo tunapata mlishano, istilahi inayoeleza mfumo mzima. Hali ya masharti ya -ki- na ile ya -sipo- hubeba sababu na matokeo kwa ufupi. Kinachohitajika ni waandishi wa vitabu, watangazaji wa redio na maafisa wa uvuvi kuzitumia nyenzo hizo, badala ya kuorodhesha spishi na kuongeza onyo mwishoni.

Mapendekezo matatu yanafuata. Mosi, ukusanyaji wa majina ya viumbe wa baharini na wa maziwani uambatane na maelezo ya wavuvi kuhusu nani humla nani, maana maelezo hayo hupotea haraka kuliko majina. Pili, istilahi za usimamizi wa uvuvi, hasa kufunga na kutenga, zifafanuliwe kwa namna moja katika nchi zote za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tatu, taarifa za vifo vya nungu zitolewe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Mtu wa kwanza kuona nungu aliyepoteza miiba ufukweni huenda akawa mwanamke anayeokota chaza maji yakipwa. Akijua maana ya alichokiona na mahali pa kukiripoti, wataalamu watapata siku au wiki ambazo Karibi haikuzipata mwaka 1983.

9.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba nungu wa bahari anatishwa na uvuvi unaowaondoa mbuai wake, na ugonjwa uliokwisha kuingia katika Bahari ya Hindi ya magharibi, na mabadiliko ya joto na asidi ya maji, na uvunaji usio na kanuni. Vitisho hivyo huumiza zaidi pale ambapo mwamba umebakiwa na kiumbe mmoja wa kufanya kazi iliyokuwa ya wengi. Hifadhi inayofaa kwa hiyo ni ile inayowarudisha wengi hao, na maeneo matengefu yameonyesha kwamba jambo hilo linawezekana pale wakazi wanapolimiliki. Ugonjwa wa nungu hautasubiri wanaistilahi wakubaliane, lakini wavuvi wa Kilifi hawakusubiri pia: walitenga eneo, wakalipa jina. Kazi iliyobaki kwa wataalamu wa Kiswahili, wa pwani na wa bara, ni kuhakikisha kwamba sababu za kutenga zinafundishwa kwa uwazi huo huo.